Marika ya Kogalo: majina yaliyobeba historia ya Gor Mahia

Mzee wa Kisamburu wa Kipsing, kwenye nyika za magharibi mwa Kaunti ya Isiolo, akiulizwa ukame fulani ulimaliza ng'ombe lini, mara nyingi hujibu kwa rika. Kila baada ya miaka 14 hadi 16 kundi jipya la vijana hutahiriwa, huwa morani, na hupewa jina moja la kudumu. Lkishili walianza mwaka 1960, Lkuroro 1976, Lmooli 1990, Lkishami 2005. Anayejua majina hayo ana kalenda kichwani.

Kwa kipimo hicho hicho naitazama Gor Mahia, klabu ya soka ya Kenya, kwa kuwa mashabiki wake nao huhesabu wakati kwa majina. Watasema "enzi za Chege" au "enzi za Makamu", na kila mmoja ataelewa ni miaka ipi. Hata klabu yenyewe imebeba jina la sifa. Gor alikuwa mganga na kiongozi wa Kanyamwa, katika Kaunti ya Homa Bay ya leo. Mahia, kwa Kijaluo, ni miujiza, sifa aliyopewa kwa mambo aliyosadikiwa kuyatenda. Na Kogalo, jina ambalo mashabiki hulipaza uwanjani, linatokana na ukoo wake.

Timu ilizaliwa Februari 17, 1968, wakati nyika ya Kipsing ikilindwa na morani wa Lkishili, na mwaka huo huo ikatwaa ubingwa wa taifa. Mshambuliaji wake mkuu alikuwa William Ouma, aliyejulikana kote kwa jina la Chege. Chege ni jina la Kikuyu, lakini lilimkaa Mjaluo huyu hata wengi wakasahau kuliuliza. Golini alisimama James Siang'a, aliyekuwa katika kikosi cha Kenya kilichokwenda Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza, nchini Cameroon mwaka 1972. Tanzania inamkumbuka Siang'a kwa sababu nyingine: ndiye kocha aliyekuwa na klabu ya Simba mwaka 2003, ilipowavua ubingwa wa Afrika Zamalek wa Misri kwa mikwaju ya penalti. Kwenye kiungo alikuwa Allan Thigo, aliyeitwa Tisini, dakika zote za mchezo.

Mwaka 1976 Lkuroro walipochukua mikuki, Gor Mahia ilimaliza ligi bila kufungwa hata mechi moja. Hakuna rika la klabu hii lililoona mengi kama hilo. Mwaka 1979 timu ilifika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika, ikafungwa na Canon ya Yaoundé mabao 2-0 Nairobi na 6-0 ugenini. Kidonda hicho kilichukua miaka minane kupona. Katikati yake yalikuja mataji ya klabu bingwa ya Afrika Mashariki na Kati, 1980, 1981 na 1985, na ubingwa wa Kenya mara tatu mfululizo kuanzia 1983.

Kisha ukafika mwaka 1987. Kombe la Washindi wakati huo lilikuwa na jina la Nelson Mandela, aliyekuwa bado gerezani Afrika Kusini. Chini ya kocha Mwingereza Jack Johnson, Gor ilifika fainali tena, safari hii dhidi ya Espérance ya Tunis. Ugenini matokeo yalikuwa 2-2. Marudiano yalichezwa Desemba 5 katika uwanja wa Kasarani, uliokuwa umefunguliwa mwaka huo huo, yakaisha 1-1. Mabao ya ugenini yakaamua, na Kenya ikapata kombe lake la kwanza la klabu barani Afrika. Hadi leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyofanya hivyo.

Tazama sasa waliolileta. Peter Dawo alikuwa mfungaji bora wa mashindano. Golini alikuwa David Ochieng', Kamoga. Abbas Khamis Magongo alibeba jina la Zamalek, wale wale wa Cairo. Sammy Onyango aliitwa Jogoo, George Onyango Fundi, Tobias Ochola Jua Kali. Nahodha aliyelipokea kombe alikuwa Austin Oduor, beki aliyeitwa Makamu.

Jogoo, Fundi, Jua Kali, Makamu: yote ni maneno ya Kiswahili. Klabu ilizaliwa katika jamii ya Waluo, lakini ilipotaka kuwabatiza watoto wake wapendwa, ilitumia lugha ya soko, ya karakana na ya ofisi, lugha ambayo mtu wa Mombasa au wa Isiolo angeielewa bila mkalimani. Majina haya yalisafiri kwa redio, katika matangazo ya Kiswahili ya Sauti ya Kenya, yaliyokuwa na sauti kama ya Leonard Mambo Mbotela. Msikilizaji asiyewahi kuona nyasi za Kasarani angeweza kumjua Jogoo kwa jina tu. Kwa njia hiyo, naamini, timu ya jamii moja ilipata kuwa mali ya nchi.

Lmooli waliingia mwaka 1990, na Gor ikawa bingwa mwaka huo, kisha 1991, 1993 na 1995. Halafu mvua ikakatika. Miaka 18 ilipita bila taji la ligi, na Lkishami walioanza umorani mwaka 2005 walingoja hadi 2013 ndipo Kogalo ikarudi kileleni. Wafugaji wanajua kwamba ukame huacha mbegu. Mwaka 2015 timu ilimaliza tena ligi bila kushindwa, ikiongozwa na mabao 19 ya Michael Olunga, aliyesomea uhandisi na kuitwa Injinia. Mwaka 2020 alikuwa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi kuu ya Japani, akiwa Kashiwa Reysol, kwa mabao 28. Mwenzake Meddie Kagere alivuka mpaka kwenda Simba, akifuata njia aliyopita Siang'a, na akawa mfungaji bora wa Tanzania misimu miwili mfululizo.

Damu nayo ina kumbukumbu. Mdogo wake Makamu ni Mike Okoth, baba wa Divock Origi. Kwa hiyo Origi alipoifungia Liverpool bao la pili katika fainali ya Ulaya ya mwaka 2019 jijini Madrid, alikuwa mtoto wa ukoo uliokwisha kuonja kombe la bara miaka 32 kabla yake.

Wazee wa Kipsing hawaachi jina la rika lipotee, kwa kuwa likipotea, miaka 14 ya watu hupotea nalo. Mashabiki wa Kogalo wamefanya kazi hiyo hiyo kwa midomo yao tangu 1968. Sasa majina hayo yaandikwe, na mbele ya kila jina lisimame jambo alilolitenda mwenyewe, ili mtoto atakayesikia "Makamu" ajue kwamba Desemba 5, 1987, makamu ndiye aliyeongoza.