Utii wa Muuguzi: Kwa Nani?

Mwaka 1836 Mchungaji Theodor Fliedner na mkewe Friederike walianzisha nyumba ya mashemasi wa kike huko Kaiserswerth, Ujerumani. Humo wanawake wa Kikristo walifundishwa kuwahudumia wagonjwa, na mwaka 1851 Florence Nightingale naye alijifunza huko kwa miezi mitatu hivi. Fliedner aliwataka masista wake wawe watumishi kwa namna tatu: watumishi wa Bwana Yesu, watumishi wa wagonjwa kwa ajili ya Yesu, na watumishi wao kwa wao. Yafaa tuutazame vema utaratibu huo. Mgonjwa amewekwa mara tu baada ya Bwana mwenyewe.

Hata hivyo, nyumba hiyo ilidai pia utii mkubwa kwa wakuu wake. Na uuguzi ulipoenea katika nchi nyingi, kumtii daktari kulihesabiwa kuwa miongoni mwa fadhila kuu za muuguzi. Hatari ya fadhila hiyo ilidhihirika katika Ujerumani ya Wanazi. Kati ya Januari 1940 na Agosti 1941, wagonjwa wa akili na walemavu zaidi ya 70,000 waliuawa kwa gesi. Baadaye mauaji yaliendelea mahospitalini kwa njia ya dawa. Katika hospitali ya Meseritz-Obrawalde, ambayo leo imo nchini Poland, wauguzi ndio waliozitoa dawa hizo kwa mikono yao. Wauguzi 14 walishtakiwa mjini Munich mwaka 1965. Walijitetea kwamba walitii amri, nao wakaachiliwa huru.

Kanisa nalo limo katika habari hii. Julai 1940 Askofu Theophil Wurm wa Württemberg alimwandikia Waziri wa Mambo ya Ndani kuyapinga mauaji. Mwezi huohuo Mchungaji Paul Gerhard Braune wa Lobetal alikamilisha waraka wa kuyafichua, na mwezi Agosti akatiwa gerezani. Lakini zilikuwako pia taasisi za Kikristo zilizojaza fomu za serikali na kuwatoa wagonjwa wao. Imetupasa kuzisoma sehemu zote mbili.

Wauguzi wenyewe walijirekebisha polepole. Kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Wauguzi za mwaka 1953 bado zilimtaka muuguzi atekeleze maagizo ya daktari kwa uaminifu. Zile za mwaka 1973 zilitamka kwamba wajibu wake wa kwanza ni kwa watu wanaohitaji huduma yake. Kwa maoni yetu, hapo mgonjwa alirudishwa mahali alipowekwa na Fliedner.

Sisi Walutheri tumezoea kufundisha Warumi 13. Tusiifundishe pasipo Matendo 5:29. Kanisa letu lina hospitali na vyuo vya uuguzi, na wachungaji huitwa humo kufundisha maadili. Tukimfundisha muuguzi utii peke yake, twamwacha bila msaada siku atakapoagizwa kumdhuru mgonjwa. Tumfundishe kuliuliza kila agizo kama lamtumikia mgonjwa. Naye akilazimika kukataa kwa ajili ya dhamiri, mchungaji wake na asimame pamoja naye mbele ya wakuu.