Angalia alama ya ng'ombe

Wasee, hebu angalieni neno ng'ombe. Ile alama ndogo baada ya g ina historia, na ndiyo imenichagulia programu ya kuandikia.

Mwaka 1930 iliundwa kamati ya kusanifisha Kiswahili Afrika Mashariki. Herufi zikawa za Kilatini, bila alama za juu juu. Mwaka 1963 Wamarekani wakatoa ASCII, orodha ya nambari 128 za kuwakilisha herufi kwenye mashine. Sidhani kuna aliyewaza Mayoni siku hiyo, lakini Kiswahili kiliingia chote, ng' ikiwemo. Hata Kiwanga chetu, vile tunakiandika nyumbani, kinatoshea.

Wakikuyu hawakubahatika. ĩ na ũ hazimo kwa zile 128, kwa hivyo wengi waliandika i na u tupu, msomaji akabaki kukisia. Dawa ilikuja na Unicode mwaka 1991, na mwaka uliofuata Ken Thompson na Rob Pike wakabuni UTF-8. Lakini Notepad, ambayo iko kwa Windows tangu ile ya kwanza ya 1985, ilianza kuhifadhi kwa UTF-8 yenyewe mwaka 2019 tu! Kabla ya hapo ilikuonya kwamba alama zitapotea. Ukibonyeza sawa, zimeenda.

Programu kubwa za ofisi nazo zina maringo yao: zinaikunja ile alama ya ng' iwe na mkia. Kwa macho ni sawa. Kwa kompyuta ni herufi nyingine kabisa, na ukimtafuta ng'ombe kwa alama iliyonyooka, kuna programu hazimwoni.

Mimi nayajali haya kwa sababu naandika maneno ya kukhu, ya Kiwanga cha zamani ambacho wajukuu wake wengi hatukijui. Umri umeenda, na sitaki faili inayotegemea kampuni fulani iwe hai miaka 40 ijayo. Faili ya maandishi matupu itafunguka popote.

Natumia Notepad++, aliyoianzisha Don Ho mwaka 2003. Ni bure, haichoshi kompyuta ya mtumba, na stima ikipotea (huku kwetu hupotea) inarudisha hata ambacho sikuwa nimehifadhi. Ukiifungua, tazama chini upande wa kulia. Ikiandika ANSI, badilisha iwe UTF-8 kabla hujaanza, hasa kama kukhu wako ni Mkikuyu.