Asali ya wazee na maumivu ya uke: walipakaa wapi?

Sisi watu wa agronomi tunapenda kusifu asali, na mimi ni wa kwanza. Lakini kuko wanawake wanaoumwa sehemu ya nje ya uke miezi na miaka, na shauri wanalopewa ni lile lile: pakaa asali, ni dawa ya wazee. Ya wazee, ni kweli. Swali ni moja: wazee waliipakaa wapi, na kwa ugonjwa gani?

Tuanze Misri. Mu 1889 Flinders Petrie alikuta kule Lahun karatasi za mafunjo juu ya magonjwa ya wanawake, za karibu 1825 mbele ya Yesu. Asali imo: inachanganywa na magadi na kuwekwa ndani ya uke. Ila haikuwa ya maumivu, ilikuwa ya kuzuia mimba! Mafunjo mengine, yale ya Edwin Smith, ya karibu 1600 mbele ya Yesu, yanaweka asali na mafuta juu ya vidonda. Kidonda, njo neno la kushika.

Turuke mupaka 1970. Cavanagh na wenzake waliandika juu ya wanawake 12 waliopasuliwa sababu ya kansa ya uke wa nje, kisha kidonda kikafunguka. Waliwawekea asali, na vidonda vikapona. Mu 1988 Efem, huko Nigeria, akaandika hivyo hivyo juu ya wagonjwa 59 wenye vidonda vya kila namna. Inafanya kazi namna gani? Sukari inanyonya maji, vijidudu vinakauka. Tena kimeng'enya cha nyuki kinatoa polepole oksijeni ya maji, ile tunayoiona mu farmasi.

Sasa, maumivu yenyewe. Mu 1880, kule Marekani, munganga Gaillard Thomas alieleza wanawake ambao uke wa nje unauma hata ukiguswa kidogo tu, na yeye hakuona kidonda. Alisema ni mishipa ya fahamu. Leo waganga wakikuta maumivu yanapita miezi 3 bila sababu ya kuonekana, wanayapa jina la vulvodinia. Hapo hakuna kidonda cha kukausha, na asali iko na asidi: juu ya ngozi inayowaka tayari, inaweza kuchoma zaidi.

Na asali gani? Ya hospitali inapigwa miale ya gama kwa kuua mbegu za vijidudu. Ile ya chupa ya barabarani, wakiongeza maji yakapita asilimia 20 hivi, inaanza kuchachuka.

Munganga anaangalia kwanza kama si kuvu wala ugonjwa wa ngozi, maana ile iko na dawa yake. Asipoikuta, kuko mafuta ya lidokaini, dawa za mishipa ya fahamu, na mazoezi ya kulegeza misuli ya nyonga, ambayo mara nyingi inakuwa imekaza bila mwanamke mwenyewe kujua.