Vilele viwili siku moja, na wale 66 wasiotajwa

Wapemba wenzangu, tuseme ukweli: kwetu hakuna mlima wa kupigia selfi. Vilima vyetu havifiki hata mita 200, na ukisema "nimepanda" mtu anajua ulikuwa juu ya mkarafuu. Ila kwenye historia ya mlima wa pili kwa urefu Afrika, watu wa pwani wamo. Tatizo hawatajwi.

Mlima Kenya una vilele viwili jirani kabisa: Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188. Tofauti mita 11 tu! Katikati kuna pengo la barafu linaloitwa Lango la Ukungu. Batian limetokana na Mbatian, laiboni mkubwa wa Wamasai, na Nelion na ndugu yake.

Januari 1929 Eric Shipton, kijana wa miaka 21 aliyekuwa akifanya kazi kwenye shamba la kahawa, na Percy Wyn-Harris, ofisa wa serikali ya kikoloni, walipanda Nelion, wakashuka pengoni, wakapanda na Batian. Vilele viwili, siku moja. Nelion ilikuwa haijawahi kukanyagwa. Hapo wanastahili sifa zao, hatubishi.

Lakini Batian ilishafikiwa karibu miaka 30 kabla. Tarehe 13 Septemba 1899 Halford Mackinder alisimama kileleni na César Ollier na Joseph Brocherel. Majina matatu, basi. Sasa hesabu msafara wenyewe: Wazungu 6, Wamasai 2 wa kuonyesha njia, Wakikuyu 96, Waswahili 66.

Walitoka Nairobi mwezi Julai, nchi imeshikwa na njaa. Agosti wakafika mlimani, chakula hakipatikani. Watu wawili wa msafara wakauawa na wenyeji, ikabidi mtu atumwe hadi Naivasha kuomba msaada. Hiyo ndo bei ya kilele ambayo haimo kwenye picha. Wale watatu walipanda wakiwa wepesi kwa sababu wengine walishabeba.

Na leo bado ni vile vile. Mtu anaposti akiwa juu ya Kilimanjaro, mikono hewani, likes kama zote. Hema lake lilibebwa na nani? Alikula chakula cha nani?

Wewe uliyewahi kupanda: jina la mpagazi wako unalikumbuka?