Pièces d'identités: filamu ya Mkongomani kuhusu swali «wewe ni nani?»

Kasumbalesa – Ku mpaka wa Kongo na Zambia, kilomita karibu 90 kutoka Lubumbashi, msafiri anaulizwa kwanza kitambulisho. Kwa miaka mingi Wakongomani wengi wametoa kadi ya mchaguzi, sababu njo inatumika kama kitambulisho. Swali hilo liko pia ndani ya filamu moja ya kwetu ambayo vijana wengi hawaijui: Pièces d'identités, ya 1998.

Aliyeitengeneza, Mwezé Ngangura, ni mzaliwa wa Bukavu. Watu wanamkumbuka zaidi kwa La vie est belle ya 1987, aliyoifanya pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy, na Papa Wemba akiwa ndani. Lakini hii ya 1998 njo ilipata Étalon de Yennenga, zawadi kubwa ya FESPACO kule Ouagadougou, mwaka 1999.

Hadithi yake

Mani Kongo, mfalme mzee wa Bakongo (anachezwa na Gérard Essomba wa Kameruni), anaenda Brussels kumtafuta binti yake, Mwana. Alimtuma Bulaya akiwa mtoto wa miaka 8, asome awe daktari. Kisha habari zikakatika.

Mzee anafika na kofia na alama zake za ufalme. Kwao, vitu hivyo vinatosha kusema yeye ni nani. Brussels, kwa wengine ni bidhaa tu ya kuuza na kununua. Mwana naye hakuwa daktari. Maisha yake yameenda njia ingine, na haya inamzuia kuandikia baba yake.

Kusahau kwa aina mbili

Mwaka 1946, Mmarekani Joseph L. Mankiewicz alitoa Somewhere in the Night: askari anatoka vitani amepoteza kumbukumbu, anatafuta jina lake mwenyewe. Ngangura anageuza jambo hilo. Mani Kongo anajikumbuka vizuri sana. Wanaomzunguka njo hawamjui. Mtoto aliyeondoka na miaka 8, yeye, amebaki katikati ya inchi mbili.

Kwa familia zenye watoto Zambia, Afrika Kusini ao Bulaya, jambo hili si la sinema tu. Karatasi inaonyesha jina na tarehe ya kuzaliwa. Lugha ya nyumbani, majina ya babu na sababu ya kuondoka, hakuna ofisi inayoviandika. Ni wazazi njo wanavipokeza, hata kwa simu.