Hekalu Kando ya Reli

Msomaji, ukifika Moi's Bridge, itazame reli ipitayo hapo. Ni tawi la ile iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, nalo lilifika Kitale mwaka 1926. Zamani, katika njia kuu, abiria wa daraja la kwanza walilala vitandani na kuandaliwa chakula mezani humo humo garini.

Lakini ni nani waliotandika njia ile? Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na wapatao 2,500 walifia kazini. Mji huu uliitwa Hoey's Bridge, kisha ukapewa jina la Moi. Majina ya vibarua wale hatuyajui.

Hata hivyo, mwaka ule ule wa 1926, Wahindi wa dini ya Sikh waliofanya kazi relini walijenga hekalu huko Makindu, kati ya Mombasa na Nairobi. Hata leo msafiri wa dini yoyote hula na kulala humo bila kudaiwa senti, wala haulizwi alisafiri daraja gani.

Basi pima mwenyewe: kumbukumbu iliyo bora ni jina ubaoni, au sahani apewayo mgeni?