Mombasa Kabla ya Watalii: Ngomeni na Majirani Zake

Karibu kila mahali ambapo wageni hupafuata Mombasa palianza kwa shughuli nyingine kabisa. Fort Jesus ilijengwa kwa ajili ya vita, kisha ikawa gereza. Mji wa Kale ulikuwa makazi ya watu, na mpaka leo ni makazi ya watu. Haller Park ilikuwa shimo la machimbo. Watalii wamekuja juzi tu, na wanachokiona ni kile kilichobaki baada ya wenye shughuli kumaliza zao. Kwa hiyo anayetaka kuujua mji huu sharti aulize kila jiwe lilikuwa na kazi gani kabla ya kupigwa picha. Hakuna mahali swali hilo linapopata jibu refu kama Ngomeni, jina ambalo wenyeji hulitumia kwa Fort Jesus.

Tuanze kabla ya ngome, maana mji ulikuwapo. Ibn Battuta alipopita hapa mwaka 1331 aliwakuta Waislamu wacha Mungu, misikiti ya mbao iliyojengwa imara, na watu wanaokula ndizi na samaki. Ilikuwa zaidi ya miaka 160 kabla Mreno hajaonekana baharini. Vasco da Gama alipotia nanga Aprili 1498 hakupokewa vizuri, akang'oa nanga na kwenda Malindi, ambako alipata urafiki. Urafiki huo wa Malindi ungekuja kuigharimu Mombasa pakubwa. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji, akaupora na kuuchoma moto. Mwishoni mwa mwaka 1528 akaja Nuno da Cunha, naye akaupiga vilevile. Kila mara wenyeji walirudi, wakajenga tena na kuendelea na biashara yao ya Bara Hindi, Uarabuni na Uajemi.

Mwaka 1589 mambo yalifika kilele. Mir Ali Bey, nahodha wa Kituruki, alikuwa amejiimarisha Mombasa kwa ridhaa ya wenyeji waliochoka na Wareno. Kundi kubwa la manowari likatumwa kutoka Goa, makao ya Wareno huko Bara Hindi, na wakati huohuo wapiganaji wa Kizimba waliotoka kusini walikuwa wamefika ng'ambo ya kisiwa. Mji ukabanwa pande zote mbili, ukaanguka. Mtawala wa Malindi, yule rafiki wa zamani, akaletwa kukalia kiti cha Mombasa. Wareno nao wakaamua kwamba safari hii hawatachoma na kuondoka. Watajenga.

Kazi ilianza mwaka 1593. Ramani ilichorwa na Giovanni Battista Cairati, Mtaliano wa Milano aliyekuwa msanifu mkuu wa ngome za Wareno huko Mashariki. Alichagua mwamba wa matumbawe kwenye mlango wa bandari ya zamani, mahali ambapo hakuna jahazi lingeingia bila kupita chini ya midomo ya mizinga. Ukiitazama ramani yake utaona umbo la mtu aliyelala chali, kichwa kikielekea baharini. Lakini umbo hilo lilikuwa na hesabu zake za kivita. Pembe nne zimechomoza nje kwa mshazari ili askari walio kwenye pembe moja waweze kuupiga risasi ukuta wa pembe ya pili, na adui asipate kona ya kujificha. Pembe hizo zilipewa majina ya watakatifu: Filipe, Alberto, Mateus na Matias. Ngome nzima inachukua eneo la hekta 2.36, na sehemu kubwa ya kuta zake haikujengwa juu ya ardhi bali ilichongwa kwenye mwamba wenyewe, kisha ikaongezwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa.

Waongozaji wengi wa watalii huishia hapo: Mreno alijenga, Mwarabu akateka, Mwingereza akachukua. Kwangu mimi mtu muhimu kuliko wote katika historia ya jengo hili ni mtoto wa hapahapa, Yusuf bin Hassan.

Baba yake, Sultani Hassan, aligombana na makapteni wa ngome juu ya biashara na mamlaka. Akakimbilia bara, na mwaka 1614 akauawa huko kwa hila za Wareno. Yusuf, aliyekuwa mtoto mdogo, akapelekwa Goa. Huko mapadri wa Augustino walimlea na kumsomesha, wakambatiza, na jina likawa Dom Jerónimo Chingulia. Akatumikia kwenye manowari za Wareno, akajifunza mizinga, akaoa. Mwaka 1626 wakamrudisha Mombasa awe mfalme wao, mfalme Mkristo katika mji wa Waislamu. Akaandika hadi kwa Papa kuahidi utii.

Wareno waliamini wamemtengeneza mtu wao. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Makapteni walimdharau kama walivyomdharau babake, na habari zikaanza kuvuja kwamba mfalme huenda kuomba dua kwenye kaburi la mzee wake kwa desturi ya Kiislamu. Kapteni Pedro Leitão de Gamboa akapanga kumkamata. Yusuf akamwahi. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake kana kwamba amekwenda kumtembelea kapteni, akamuua, na ngome ikawa mikononi mwake. Hayakuwa mauaji madogo: Wareno waliokuwa mjini, na Waafrika wenzao katika Ukristo waliokataa kubadili dini, waliuawa kwa wingi. Hatuna haja ya kulifunika jambo hilo ili tumheshimu Yusuf. Alikuwa mtu aliyenyang'anywa baba, jina na dini, akalipiza kwa ukatili wa zama zake.

Goa ilileta manowari Januari 1632. Wakaizingira ngome kwa karibu miezi miwili, wakashindwa, wakarudi. Fikiria hilo: ngome iliyojengwa na Wareno iliwazuia Wareno wenyewe, ikiongozwa na Mswahili waliyemfundisha mizinga. Lakini Yusuf alijua watarudi na nguvu zaidi. Mwezi Mei akachukua vyombo na mizinga, akaondoka. Aliendelea kuwasumbua baharini kwa miaka kadhaa, hadi alipofariki katika eneo la Bahari ya Shamu mwaka 1638.

Wareno waliporejea waliikarabati ngome, na kapteni Francisco de Seixas de Cabreira akaweka juu ya lango maandishi yanayosomeka hadi leo. Ndani yake anajisifu jinsi alivyowaadhibu watu wa pwani na kuzibomoa kuta za Pate na Siyu. Ukipita chini ya lango lile, inua kichwa. Unapita chini ya majigambo ya mtu aliyewapiga mababu wa pwani hii.

Majigambo hayakudumu. Machi 1696 majahazi ya Oman yalifika, na ngome ikazingirwa kwa miaka miwili na miezi tisa. Ndani hawakuwamo Wareno peke yao: waliingia pia mamia ya watu wa pwani waliokuwa upande wao, wake kwa waume. Kilichowaua zaidi ni maradhi. Kufikia Agosti 1697 askari wa Kireno walikuwa wamekwisha, na aliyeishika ngome ni Bwana Daud wa Faza pamoja na jamaa zake kumi na kadhaa, wanaume wachache wa Kiafrika na wanawake wapatao 50. Wanawake hao ndio waliokuwa wengi kwenye kuta. Msaada ulipowasili uliwakuta bado wanapigana. Majina ya wanawake hao hayakuandikwa popote ninapopajua, na hilo ni pengo kubwa katika kumbukumbu zetu.

Moja ya meli zilizoleta msaada, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya ngome Oktoba 1697. Ililala chini ya bahari hadi wapiga mbizi walipoigundua katika miaka ya 1960, na kati ya 1977 na 1980 wanaakiolojia wakaichimbua hatua kwa hatua. Vitu vilivyotolewa humo vimewekwa ndani ya jumba la makumbusho la ngome. Desemba 1698 Waomani walipanda kuta na kuiteka. Siku chache baadaye meli nyingine za msaada zikatokea, zikaona bendera nyekundu inapepea, zikageuza.

Ya baadaye nitayapitia haraka. Wareno walirudi kwa muda mfupi mnamo 1728, wakafukuzwa mwaka uliofuata. Wamazrui, waliotumwa na Oman kama magavana, wakajifanyia utawala wao hadi Sayyid Said, mtawala wa Oman, alipowaondoa mwaka 1837. Januari 1875 manowari za Uingereza ziliipiga ngome mizinga kumtoa Al-Akida, aliyemwasi Sultani wa Unguja. Na kuanzia 1895 ikawa gereza la serikali ya kikoloni, kazi iliyoifanya hadi 1958.

Miaka hiyo ya gereza inatajwa kidogo mno. Ni zaidi ya nusu karne, na wapo wazee ambao kwao Ngomeni palikuwa mahali mtu alipofungwa. Gereza lilipofungwa, mwanaakiolojia James Kirkman alisimamia uchimbaji na ukarabati kwa fedha za wakfu wa Gulbenkian wa Ureno, na mwaka 1960 milango ikafunguliwa kama makumbusho. UNESCO iliiandika katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011.

Ukiingia, usikimbilie mizinga. Tafuta ule ukuta wa plasta ambao askari wa zamu wa Kireno waliuchora kwa mkaa na udongo mwekundu ili kupitisha muda: meli zenye matanga, samaki, kanisa, watu, hata kinyonga. Michoro haina ustadi mkubwa. Aliyeichora alikuwa mtu aliyechoka, yuko mbali na kwao, na alichora alichokiona pamoja na alichokikumbuka. Kisha nenda kwenye nyumba ya Waomani juu ya pembe ya ukuta, usimame kwenye upepo wa bahari.

Ukitoka, Mji wa Kale uko hatua chache tu. Msikiti wa Mandhry husemwa kuwa ulianza mwaka 1570, yaani kabla ya ngome. Vichochoro vina milango ya nakshi, roshani za mbao na barza ambapo wazee hunywa kahawa chungu alasiri. Tafadhali kumbuka kwamba hizo ni nyumba za watu. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, vaa kwa stara, nunua mahamri au viazi karai kwa akina mama wanaoviuza, na utapata mazungumzo yasiyouzwa kwa tiketi.

Mapembe ya ndovu ya Barabara ya Moi yana hadithi fupi. Ya kwanza yalisimamishwa mwaka 1952 kwa ajili ya ziara ya Binti Mfalme Elizabeth, na haya ya alumini tunayoyaona yalikuja mwaka 1956 alipozuru mdogo wake, Margaret. Yamekuwa alama ya mji, lakini siwezi kuyaweka safu moja na Ngomeni.

Haller Park nayo nitaiweka juu zaidi ya wengi wanavyoiweka. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilichimba matumbawe ya kale tangu 1954 na kuacha ardhi tupu, yenye chumvi na joto kali. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti humo. Mingi ilikufa, mivinje ikashika. Majani ya mivinje yalikuwa makavu mno kuoza, mpaka alipoleta jongoo, nao wakayala na kuyageuza kuwa udongo. Msitu wote ule umesimama juu ya kazi ya jongoo. Humo ndimo Owen, mtoto wa kiboko aliyekwama baharini karibu na Malindi wakati wa tsunami ya Desemba 2004, alipojiambatanisha na Mzee, kobe wa Aldabra mwenye umri uliokadiriwa miaka 130.

Hazina hizi hazijilindi. Mawimbi yamekuwa yakiula mwamba wa Fort Jesus, na ilibidi ukuta wa kuzuia bahari ujengwe kando yake. Nyumba za Mji wa Kale hubomoka kila familia inapokosa fedha za chokaa na boriti, na serikali ya kaunti ingefanya jambo la maana kuwasaidia wenye nyumba hizo kuzikarabati kabla hazijageuzwa maghorofa.

Na kwenu wazazi na walimu wa Pwani: kiingilio cha Ngomeni kwa Mkenya ni kidogo kuliko cha mgeni, na pako wazi kila siku. Wapelekeni watoto. Waonyesheni maandishi ya langoni, kisha wasimulieni habari za Yusuf bin Hassan na za wale wanawake wa kuzingirwa, msingoje mwongozaji awasimulie.